MSANII NAYE NI MFANYA KAZI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama huko Kilelengwani, na kuandikwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Twajua mpunga unaiva, na ndege hawana Jumapili. Kila aliyeketi hapa chini ya mwembe ameacha shamba lake mikononi mwa mtoto mwenye kombeo, na mtoto huyo naye pengine ameacha ndege akaenda kuogelea. Kwa hiyo hatutawaweka mpaka jua lizame.

Jambo lililotuleta hapa mwalijua. Katika mkutano wa mwezi uliopita mtunza fedha wetu alisoma hesabu za tawi, akafika kwenye mstari uliosema: ngozi mbili za ngoma, na posho ya waimbaji kwa sikukuu ya wafanya kazi ya tarehe 1 Mei. Hapo maneno yakaanza. Mwanachama mmoja, ambaye twamheshimu sana na ambaye hajakosa kulipa ada yake hata mwezi mmoja, alisimama akasema hivi: "Chama hiki ni cha kudai mishahara, si cha kulisha wapiga ngoma. Ngoma ni mchezo, na mchezo haulipwi." Wengi walipiga makofi. Sisi wa kikundi tulinyamaza. Si kwamba hatukuwa na jibu, ila mmoja wetu alikuwa amekwisha kuinuka kwa hasira, na ilitubidi tumvute shati aketi. Mwenyekiti akaamua kwamba fedha hizo zisiguswe mpaka kikundi kije kijieleze. Basi ndio sisi hawa, tumekuja kujieleza.

Kikundi chetu hakina jina kubwa. Tu watu kumi na mmoja, wanawake sita na wanaume watano. Wengine twafanya kazi za kibarua mashambani, wawili ni wavuvi, mmoja anaendesha pikipiki ya abiria kwenda Garsen, mmoja anashona nguo, na waliobaki wanalima cha kwao. Twaimba, twapiga ngoma, na mara moja au mbili kwa mwaka twatunga mchezo wa kuigiza. Kila mmoja wenu amekwisha kutuona harusini, msibani na kwenye mikutano ya chama. Lakini watu huona siku ya ngoma tu, hawaoni siku mia zilizotangulia. Twaomba mtuvumilie tuseme kidogo juu ya siku hizo mia.

Mnakumbuka mwaka 2012. Tarehe 10 Septemba mwaka ule kijiji hiki kilishambuliwa, katika mapigano yale ya Wapokomo na Waorma yaliyowamaliza watu wa pande zote mbili hapa deltani. Walikufa watu zaidi ya thelathini, na askari polisi miongoni mwao, na nyumba zikachomwa. Hatutayasimulia hapa, maana kila mmoja anayo nyumbani kwake, na wengine wanayo makaburini. Twataka kusema la ngoma tu. Ngoma yetu kubwa iliungua siku ile, na muda mrefu baadaye hakuna aliyetaja habari ya kutafuta nyingine. Nani angepiga, na nani angecheza? Sauti ya kwanza tuliyoisikia kikundini baada ya hapo ilikuwa mama mmoja akimbembeleza mjukuu wake kwa wimbo wa zamani wa Kipokomo, jioni, na wenzake wawili waliokuwa wakichambua mchele wakaitikia bila kuombwa. Wakaitikia tena jioni ya pili. Ndivyo kikundi kilivyofufuka, bila mkutano na bila ajenda.

Baadaye tulipata ngoma ya pili. Mzinga wake ulichongwa na mzee mmoja anayechonga mitumbwi, akatuambia kwamba ngoma na mtumbwi ni ndugu, vyote ni gogo lililotolewa matumbo. Ngozi ya kwanza ililiwa na panya. Ngozi ya pili ilipasuka kwa kuanikwa juani kupita kiasi, na aliyeianika yupo hapa, hatutamtaja. Ya tatu ndiyo iliyodumu.

Kisha yakaja mafuriko ya mwaka 2018. Mto ulipopanda Aprili na Mei tulikimbilia penye kichuguu na kila mtu na kitu alichoweza kubeba: mbuzi, sufuria, godoro, mtoto. Daftari la nyimbo lilibaki juu ya kabati, na kabati likaelea. Lilikuwa na nyimbo zaidi ya arobaini, nyingine zilizotungwa na watu waliokwisha kufa. Tulipokuwa kambini, chini ya maturubai, tulikaa usiku tukijaribu kuzikumbuka. Huyu analeta ubeti, yule analeta kiitikio, wawili wanabishana juu ya neno moja mpaka jirani anatupigia kelele tulale. Tuliokoa ishirini na mbili. Zilizobaki zimekwenda na maji mpaka bahari ya Kipini, na kama kuna samaki wanaoimba huko, wanaimba za kwetu.

Tangu hapo tumekuwa na desturi mpya. Kila wimbo huandikwa mara tatu, katika madaftari matatu, katika nyumba tatu. Maji yaliporudi mwishoni mwa mwaka 2023 na tena mwaka 2024, daftari moja lilikuwa ndani ya ndoo yenye kifuniko, limetundikwa darini kwa kamba. Halikulowa hata ukurasa mmoja. Mwenzetu anayeshona nguo ndiye aliyefanya kazi ya kunakili, kwa taa, baada ya kushona sare za shule mchana kutwa. Hakulipwa hata senti. Alipoulizwa kwa nini asingoje msimu wa sare uishe, alisema maji hayangoji msimu wa sare.

Hata mchezo wa kuigiza una taabu zake. Mwaka mmoja tulitunga mchezo juu ya msimamizi wa vibarua anayehesabu magunia kwa kuruka namba. Hatukumkusudia mtu yeyote. Lakini msimamizi mmoja aliketi mbele, akajiona, na kesho yake wawili wetu wakaambiwa hakuna kazi. Tulikaa tukashauriana. Wengine walisema tuache michezo. Mwishowe tulimgeuza msimamizi akawa fisi, na magunia yakawa mifupa. Tulipoucheza tena watu wote walicheka, na msimamizi yule alicheka kuwashinda wote. Wawili wale walirudi kazini.

Haya ndiyo tunayoyaita kazi. Lakini kwa kuwa mtu akijisifu mwenyewe haaminiwi, na tutazame kwa wengine waliotutangulia katika nchi hii ya delta na kisiwani jirani.

Wa kwanza ni Fumo Liyongo. Hakuna mtoto wa huku asiyelisikia jina lake. Watu wa Ozi na Kipini, hapo chini tu kwa mtumbwi, huonyesha mahali wanaposema amezikwa. Wataalamu wanabishana aliishi karne gani, na sisi hatutaingia katika ugomvi huo. Wote wanakubali kwamba husimuliwa kama shujaa na kama mtunzi wa mashairi pia, na wengi husahau lile la pili. Sultani wa Pate alimwogopa, akamtia gerezani, akangoja kumwua. Sasa fikirini, mtu amefungwa minyororo, mlangoni pana askari, silaha hana. Alichobaki nacho ni kutunga. Basi akatunga wimbo, akampa kijakazi wa mama yake, Saada, aupeleke kwa kinywa. Askari waliusikia, wakauona wimbo tu. Mama yake aliusikia akaelewa: apike mkate mzuri, na apike mkate wa wishwa, na ndani ya ule wa wishwa atie tupa za kukatia chuma. Saada alipofika gerezani askari wakaula ule mzuri, wakamtupia mfungwa ule wa wishwa, kama ilivyo kawaida ya askari wenye njaa. Kisha Liyongo akaomba watu wa mji wapige ngoma ya gungu nje ya gereza kumuaga. Yeye ndani anaongoza wimbo, wao nje wanaitikia kwa upatu na makofi, na kila wanapoitikia, yeye anakata chuma. Wakinyamaza, ananyamaza. Mpaka pingu zikakatika.

Ndugu yetu aliyesema ngoma ni mchezo, twamwomba aitazame hadithi hii mara mbili. Ni kweli kwamba wimbo peke yake haukukata mnyororo, uliokata ni tupa. Lakini bila wimbo tupa isingalifika, na bila ngoma sauti yake ingalisikika.

Na sasa tuulize, hadithi hii tumeipataje? Babu zetu walisimuliana, ndiyo. Lakini ile iliyopangwa kwa beti zaidi ya mia mbili, ambayo leo husomwa vyuoni Nairobi na Dar es Salaam, iliandikwa mwaka 1913 na mtu wa Lamu aitwaye Muhamadi bin Abubakari Kijuma. Huyu ndiye tuliyetaka hasa kuwaleteeni leo, maana huyu alikuwa mfanya kazi kama sisi, aliyekula kwa mkono wake.

Kijuma alizaliwa Lamu yapata mwaka 1855 akafa mwaka 1945, kwa hiyo aliishi karibu miaka tisini. Ukimwuliza mtu wa Lamu alikuwa nani, mmoja atakuambia mchonga milango, wa pili atakuambia mtunzi, wa tatu mwandishi wa hati, wa nne mpiga kibangala na bingwa wa ngoma za mashindano. Wote wamesema kweli. Hakuchagua kazi moja akaketi nayo kwa raha. Twaona sababu yake si ngumu kuijua. Lamu ya zamani zake ilikuwa bandari inayopungua: biashara ikihama kwenda Mombasa na Unguja, serikali zikibadilika, majahazi yakipungua. Katika mji kama huo mwenye kazi moja hulala njaa. Tena wako waliokuwa wakiona kwamba kupiga kibangala si kazi ya mtu wa heshima. Neno hilo sisi pia tumelisikia, mwezi uliopita, chini ya mwembe huu huu.

Mlango wa Lamu si ubao wa kufungia mbuzi. Una miimo miwili, una kizingiti, na katikati una mfaa, na mahali pote hapo hupitishwa maua na minyororo kwa patasi, katika mti mgumu kama mbambakofi. Mkono ukiteleza mara moja, ua limekatika, na ubao hauoti tena. Fundi seremala aliye kati yetu ataeleza vizuri kuliko sisi ni siku ngapi mtu huinama juu ya ubao mmoja, na mgongo unasema nini jioni.

Usiku, au siku mlango haupo, Kijuma alikaa na kalamu. Watu wa Ulaya waliotaka kujua mashairi ya Kiswahili walimwendea, naye aliwanakilia kwa malipo. Bi Alice Werner wa Uingereza, aliyetembea pwani yetu kabla ya vita vya 1914, aliipata kwake habari ya Liyongo. Bwana William Hichens alipelekewa hati nyingi, na huyo pamoja na Bi Werner wakachapa utendi wa Mwana Kupona mwaka 1934. Mwaka 1936 akaja Lamu Mjerumani, Ernst Dammann, pamoja na mkewe, na Kijuma alikuwa amekwisha kupita miaka themanini. Mzee wa miaka themanini, ndugu wanachama! Wengi wetu tunaomba pensheni tukiwa hamsini na tano, na si vibaya kuiomba. Yeye alikaa akawaandikia tenzi moja baada ya nyingine kwa hati za Kiarabu, zimepangwa mistari sawasawa, zimepambwa kwa wino wa rangi. Dammann alitoa kitabu kikubwa cha mashairi ya Kilamu huko Ujerumani mwaka 1940. Karatasi za mkono wa Kijuma zimehifadhiwa London na Ujerumani mpaka leo, na mwaka 2010, miaka 65 baada ya kufa kwake, kikatoka huko kitabu kizima juu yake na maandishi yake.

Hatusemi alitajirika, na hatusemi kila aliyemlipa alimlipa haki yake. Kazi ya kunakili ni kazi ya kipande, na nyote mwajua kazi ya kipande: hesabu huanza upya kila asubuhi. Lakini mambo mawili yake twayapenda sana. Kwanza, aliandika. Tenzi alizozinakili hazikuwa zote zake. Nyingi ni za watu waliokufa kabla yake, nazo zingalikwenda kama daftari letu la 2018. Pili, hakuona haya kulipwa. Aliuza mlango, akauza hati, na hakuna anayesema leo kwamba mashairi yale si mashairi kwa sababu yalilipiwa.

Sasa tutoke Lamu turudi kwenye mto wetu, maana ipo habari nyingine, na hii ni ya kwetu kabisa.

Kenya ilipokuwa karibu kupata Uhuru, mwaka 1963, iliundwa kamati ya kutunga wimbo wa taifa. Walikuwa watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Walitafuta sauti ya wimbo iliyotoka katika nchi yenyewe, isiwe ya kuazima Ulaya. Na sauti waliyoichagua ni ya wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo, watu wa Mto Tana. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 bendera ilipanda kwa sauti ile. Leo hupigwa shuleni kila wiki, hupigwa mwanariadha wetu anapovikwa medali ya dhahabu Tokyo au Paris, na dunia nzima husimama. Wanasimama kwa sauti ambayo mama wa Kipokomo alimtuliza nayo mtoto anayelia huku akingoja chakula kiive.

Mkisikia hivyo mnafurahi, nasi twafurahi. Lakini ulizeni majina. Majina ya wale watano yameandikwa vitabuni, na ni haki yao, walifanya kazi kubwa. Mzee Meza Galana, Mpokomo wa mto huu, ndiye ambaye waandishi wa magazeti walimfuata katika uzee wake wakamwandika kuwa ndiye aliyewapa sauti ile. Watoto wa shule wangapi wanalijua jina lake? Na kabla yake kuna akina mama ambao hakuna aliyewauliza hata majina yao. Hatulaumu mtu. Twasema tu kwamba sauti iliyotoka kinywani bila kuandikwa na bila kutiwa sahihi huenda mbali sana, na mwenyewe hubaki alipo.

Mwasema pengine hayo ni ya zamani. Tazameni basi wimbo Malaika. Fadhili William aliutia katika sahani ya santuri, ukaimbwa na Miriam Makeba na wengine wengi nchi za nje, na tangu wakati huo watu wamegombania nani hasa aliyeutunga, wengine wakimtaja Adam Salim, wengine Grant Charo. Wimbo mmoja wa mapenzi, na ugomvi wake umewapita waliougombania.

Kwa sababu hiyo kikundi kimejifunza sheria kidogo, nasi twataka mwifahamu hata nyinyi msioimba, kwa kuwa wengi wenu mna watoto wanaoimba kwenye simu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ni ya mwaka 2001. Inasema wimbo ni mali ya aliyeutunga tangu pale unapoandikwa au kurekodiwa. Si lazima kwanza ulipe mtu au upate muhuri, ingawa kuandikisha husaidia ukipelekwa mbele ya hakimu. Wimbo ulio kichwani tu, sheria haiuoni. Haki hiyo hudumu maisha yote ya mtunzi, na miaka 50 baada ya kufa kwake ni ya warithi wake. Lakini liko jambo ambalo mfanya kazi lazima aliangalie: kitu ulichokitunga kama sehemu ya kazi uliyoajiriwa kuifanya ni cha mwajiri, isipokuwa mmepatana vingine. Basi tajiri akikuambia umtungie wimbo wa kuuza mchele wake, patana naye kwanza, tena kwa maandishi. Na kwa nyimbo za kale ambazo hakuna mtu mmoja awezaye kusema ni zake, kuna sheria nyingine ya mwaka 2016 inayolinda ujuzi wa jadi na sanaa za jadi, nayo inatambua kwamba jamii yenyewe ndiyo yenye mali. Hiyo twaona ingesaidia wimbo wa kubembeleza kama ungalitungwa leo. Kwa ule wa 1963 imechelewa.

Sasa turudi kwenye mstari ule wa mtunza fedha.

Ndugu yetu alisema mchezo haulipwi. Tumwulize kwa upole: tarehe 1 Mei iliyopita watu walifika saa ngapi? Tangazo lilisema saa tatu. Saa tatu kulikuwa na mwenyekiti, katibu, na mbwa wawili. Tulipoanza kupiga ngoma saa tatu na nusu, kufika saa nne uwanja ulijaa. Katibu aliposoma madai ya chama juu ya viatu vya mpira na malipo ya siku za mvua, nusu ya watu hawakuyashika, na katibu asikasirike, maana kipaza sauti kilikuwa kibovu. Lakini madai hayo hayo tuliyaweka katika wimbo, na mpaka leo mnawasikia watoto wakiyaimba wakienda kuteka maji. Mtoto wa miaka sita wa Kilelengwani anajua kwamba kibarua ana haki ya viatu vya mpira. Je, huo ni mchezo?

Na kwa kazi hiyo tulipewa nini? Soda moja moja. Tena kumi, na sisi tu kumi na mmoja. Aliyekosa ni mpiga ngoma, kwa kuwa ndiye aliyemaliza mwisho.

Fundi wa maturubai siku ile alilipwa. Mwenye kipaza sauti kibovu alilipwa, tena nusu yake kabla hajafika. Mpishi alilipwa, na ni haki yake, pilau ilikuwa nzuri. Dereva alilipwa. Hata aliyechora bango la chama alilipwa, naye ni msanii kama sisi, ila yeye anatumia brashi, na brashi huonekana kuwa chombo cha kazi. Twaomba ngoma ionekane hivyo hivyo. Chama kinachomwambia tajiri kila siku kwamba mtu asifanyishwe kazi bure, hakiwezi kuwaita watu wake wenyewe wafanye kazi bure, kisha kikawaambia wanacheza.

Hatuombi mshahara wa kila mwezi. Tunajua sanduku la tawi lina kina gani. Wengine wetu ndio tuliolitengeneza. Maombi yetu ni haya. Posho ya siku ya mwimbaji iwe sawa na ya kibarua yeyote aliyeitwa kufanya kazi siku ile, wala isizidi. Ngozi za ngoma zilipwe na chama kama vile chama kinavyolipa karatasi na wino wa gazeti letu hili. Na kila wimbo uliotungwa kwa ajili ya chama uandikwe katika daftari la chama pamoja na jina la mtunzi na tarehe, ili akifa, au akihamia Malindi kutafuta kazi kama walivyohama wengi, watu wajue ni wa nani. Hili la tatu halina gharama yoyote isipokuwa kalamu, nasi twalipenda kuliko yale mawili.

Na kama mkutano utakataa? Mmoja wetu aliulizwa hivyo njiani tulipokuwa tukija, akajibu kwamba tutapiga tu. Hatutaki kuwadanganya, hiyo ndiyo kweli. Tulipiga baada ya moto, tukapiga baada ya maji, tukapiga baada ya fisi. Lakini msiitumie kweli hiyo dhidi yetu. Mkulima naye atalima hata bei ya mpunga ikianguka, na hakuna kati yenu anayesema kwamba kwa hiyo mpunga wake usilipwe.

Ngozi mbili tumekwisha kuzikopa, na ziko kwa fundi zinaondolewa nywele. Kura itapigwa Jumamosi ijayo hapa hapa, saa tisa alasiri, na yule ndugu yetu tunamwomba awe wa kwanza kusema. Daftari la nyimbo liko mezani mbele ya katibu. Anayetaka kulisoma na aje alisome, ila anawe mikono kwanza, maana mmekula maembe.